Kuchagua Mashine ya Kukatia Vitambaa vya Mifarishi

Fundi cherehani anayeshona shati hukata vipande visivyofika thelathini. Mwenzake anayeshona mfarishi wa viraka wenye upana wa mita 2 na urefu wa mita 2.4, kwa miraba ya sentimita 10, hana budi kukata vipande 480. Kila mraba huongezewa milimita 6 kila upande iwe akiba ya mshono, hivyo hukatwa kwa sentimita 11.2. Kitambaa chenye upana wa sentimita 110 hutoa miraba tisa tu kwa safu. Kwa hiyo safu 54 zahitajika, yaani mita 6 na kidogo za kitambaa. Hayo ni ya mfarishi mmoja, na cherehani haijaguswa bado.

Si ajabu, basi, kwamba vikundi vya ushonaji vinavyotumia mabaki ya vitenge na khanga kutengenezea mifarishi, mikoba na foronya huanza kufikiria mashine ya kukatia mara tu wapatapo fedha kidogo. Fedha hizo kwa kawaida ni za kuchangishana au za mkopo. Mashine isiyofaa hukaa pembeni ikifunikwa na vumbi huku marejesho ya mkopo yakiendelea kudaiwa kila mwezi. Yafaa kuelewa mambo machache ya kisayansi kabla ya kulipa.

Tuanze na swali ambalo wauzaji hawaliulizi: kipande kilichokatwa vibaya kina madhara gani? Tuseme kila mraba umezidi kwa milimita 1. Katika safu ya miraba 20 kosa hilo hufikia milimita 20. Lakini ikiwa miraba yote 480 imezidi kwa milimita 1 ileile, pembe zitakutana sawasawa, na mfarishi utakuwa mkubwa kidogo tu kuliko ulivyokusudiwa. Hakuna atakayejua. Taabu hutokea pale ambapo baadhi ya vipande vimezidi na vingine vimepungua. Hapo makosa hufutana kwa sehemu, na kanuni ya hesabu yatuambia kuwa safu ya vipande 20 yenye makosa ya kubahatisha ya milimita 1 hivi itakosea kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha 20, yaani milimita 4.5 hivi. Ni kosa dogo kuliko lile la kwanza, lakini ni baya zaidi, kwa kuwa kila safu hukosea kwa namna yake na pembe hazikutani. Kwa mshona mifarishi usawa wa vipande una thamani kuliko usahihi wa kipimo. Kwa sababu hiyohiyo si vema kuchanganya katika mfarishi mmoja vipande vilivyokatwa kwa mkasi na vilivyokatwa kwa mashine.

Kukata ni kuikusanya kani katika eneo dogo sana. Kanieneo ni kani igawanywayo kwa eneo. Makali yakipungua upana kwa nusu, kanieneo huongezeka maradufu ingawa mkono unasukuma kwa nguvu ileile. Kisu butu hakikati nyuzi bali huzisukuma, na kitambaa kinachosukumwa hubadili umbo. Kitambaa kilichofumwa hakinyumbuki kwa kiasi kimoja pande zote: kwa njia ya mtande hunyumbuka kidogo, kwa mshindio zaidi kidogo, na kikivutwa hanamu hunyumbuka sana, kwa maana nyuzi haziongezeki urefu bali hubadili pembe zinapopishana. Mkasi nao una kasoro ya kuzaliwa nayo: ubavu wake wa chini hupita chini ya kitambaa na kukiinua. Tabaka moja huvumilia. Matabaka manne huteleza, na la juu hutoka likitofautiana na la chini.

Kisu cha gurudumu cha mkononi kiliondoa kasoro hiyo. Kampuni ya Olfa ya Japani ilikitoa mwaka 1979, na mabadiliko kilichoyaleta katika kazi ya mifarishi, hasa Marekani, ni makubwa kuliko ya mashine yoyote yenye mota. Ni bamba la chuma cha pua lenye umbo la sahani, aghalabu la kipenyo cha milimita 45, linalozunguka likisukumwa kando ya rula nene juu ya mkeka maalumu wa kukatia. Kitambaa hakiinuliwi, hukandamizwa mezani na kukatwa papo hapo.

Mbona basi tusichukue gurudumu kubwa, tukalifungia mota na kukata matabaka mengi? Mashine za namna hiyo zipo, na ni nzuri kwa mistari iliyonyooka. Lakini jiometria huweka mpaka. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 10 likikata rundo la unene wa sentimita 2, ukingo wake hugusa tabaka la juu sentimita 4 mbele ya pale unapogusa tabaka la chini. Ukifika kwenye kona, tabaka la juu limekwisha kupitwa kwa sentimita 4 ilhali la chini ndiyo kwanza lafikiwa. Kwa miraba mirefu si neno, maana mkato huendelea hadi nje. Kwa pembe za ndani, maua na majani, ni hasara tupu. Rundo likiwa la milimita 2 chini ya gurudumu dogo la mkononi, tofauti hiyo hupungua hadi milimita 9.

Kisu cha wima hakina tatizo hilo. Bamba lake jembamba hupanda na kushuka kama msumeno, hivyo juu na chini hukatwa mahali pamoja. Kampuni ya Eastman ya Buffalo, Marekani, imekuwa ikitengeneza mashine za umeme za kukatia nguo tangu mwaka 1888, na visu vya namna hii ndivyo vinavyokata marundo ya sare za shule katika viwanda vingi. Kisu cha ukanda ni cha zamani zaidi. John Barran wa Leeds, Uingereza, alikitumia katika miaka ya 1850 kwa kuiga msumeno wa seremala. Hapo kisu hukaa mahali pamoja na fundi hukisogezea kitambaa. Mashine zote mbili zataka meza ndefu na kazi nyingi. Kuhusu mitambo inayoongozwa na kompyuta, aliyoianzisha Joseph Gerber mwishoni mwa miaka ya 1960, itoshe kusema kwamba ni ya viwanda vikubwa.

Zipo aina mbili nyingine zinazouzwa hasa kwa washona mifarishi. Ya kwanza hutumia kalibu: ubao wenye visu vilivyopindwa kwa umbo linalotakiwa, vikizungukwa na sponji. Kitambaa hulazwa juu yake na kupitishwa kati ya magurudumu mawili kwa kuzungusha mpini. Siri yake ni kwamba magurudumu hukandamiza mstari mmoja kwa wakati, wala si umbo zima kwa pamoja, kwa hiyo nguvu za mkono zatosha. Vipande hutoka sawa kabisa, hata vya mviringo, na umeme hauhitajiki. Sifa ya mwisho si ndogo katika nchi zetu. Dosari yake ni kwamba kila umbo na kila ukubwa ni kalibu nyingine ya kununua. Ya pili ni mashine ndogo ya kielektroniki yenye kisu kinachochora umbo lolote. Yafaa kwa nakshi za kubandika, ila kwa kawaida hukata tabaka moja tu, hutumia mkeka wenye gundi unaochakaa, na baadhi huongozwa na programu inayotaka intaneti.

Sasa tupige hesabu ya saa. Kuchora na kukata kila mraba kwa mkasi tukadirie sekunde 45. Miraba 480 ni saa 6. Kwa kisu cha gurudumu na matabaka manne, yahitajika mikato kama 155. Kila mmoja ukichukua nusu dakika pamoja na kusogeza rula, ni saa 1 na dakika 18. Kwa kalibu inayokata matabaka sita ni mipitisho 80, yaani dakika 40, bila kuhesabu kutayarisha vipande vya kuingiza. Faida kubwa imo katika hatua ya kwanza, ambayo ndiyo ya gharama ndogo. Kushona mfarishi huchukua siku kadhaa. Kuokoa dakika 38 katika kukata hakutaharakisha mauzo. Kwa maoni yangu kikundi kinachoshona mifarishi michache kwa mwezi kinunue visu vya gurudumu, rula na mikeka mizuri, na fedha zinazobaki ziende kwenye cherehani. Kalibu iwafae wanaorudia umbo lilelile daima. Kisu cha wima, wenye zabuni za sare.

Anayenunua mashine ya mota asome kibao chake kwanza. Nyingi hutengenezwa kwa soko la Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wa Tanzania ni volti 230 na mizunguko 50. Transfoma hurekebisha volti tu, haibadili mizunguko. Mota ya indaksheni iliyokusudiwa mizunguko 60 itapunguza mwendo kwa sehemu moja ya sita na kupata joto kuliko ilivyopangwa. Mota yenye brashi haisumbuki na jambo hilo. Aulize pia kama ni ya njia moja au njia tatu.

Joto lina athari nyingine. Vitenge vingi vya leo vina poliesta, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 250 hivi za Selsiasi. Kisu chenye mwendo mkali huyagandisha matabaka pamoja kwenye kingo. Choma uzi mmoja: wa pamba hunuka karatasi na kuacha jivu, wa poliesta huyeyuka ukawa shanga ngumu. Kwa vitambaa hivyo punguza matabaka na mwendo. Na mkono unaoshika kitambaa mbele ya kisu cha mota uvae glavu ya nyuzi za chuma. Bei yake ihesabiwe pamoja na ya mashine tangu mwanzo. Kisu cha mkononi nacho kifunikwe kila baada ya mkato.

Uendapo dukani, chukua kitambaa chako mwenyewe. Kunja matabaka kadiri muuzaji anavyodai kuwa mashine yaweza, kata mraba wa sentimita 11.2, kisha pima tabaka la juu na la chini kabisa, kutoka pembe hadi pembe. Kila mlalo uwe sentimita 15.8. Ukipata 15.6 upande mmoja na 16.0 upande mwingine, kitambaa kilivutwa hanamu wakati wa kukatwa. Rudia kwa matabaka machache zaidi hadi milalo ilingane, na idadi hiyo ndiyo utakayoitumia katika hesabu yako. Halafu uliza bei ya kisu cha akiba, na kama kinapatikana mjini au huagizwa nje.