Barabara Kwanza, Miti Baadaye

Haya wadogo zangu, sogeeni. Leo tulimalize lile swali mnaloniletea kila mara. Una njia ya mbio uliyoipenda kwenye rFactor, ile gemu ya mwaka 2005. Sasa umehamia Assetto Corsa na hutaki kuiacha nyuma. Umenakili folda, umeibandika, umewasha gemu, na njia haionekani kabisa. Unaniuliza, dada, faili limeharibika?

Faili ni zima, mdogo wangu. Ila gemu hizi hazisomi kitu kimoja. rFactor ni kazi ya Image Space Incorporated ya Marekani. Maumbo ya njia zake yako kwenye faili za GMT zilizofungashwa ndani ya MAS, mpangilio wa mandhari uko kwenye SCN, na AIW ndiyo inayobeba mstari wanaoufuata madereva wa kompyuta pamoja na nafasi za kuanzia na za piti. Assetto Corsa ya Waitaliano wa Kunos Simulazioni, iliyokamilika Desemba 2014, inataka umbo zima liwe faili la KN5, na pembeni yake vifaili vya maandishi. Njia za F1 Challenge zilihamia rFactor bila taabu kubwa kwa sababu gemu zote mbili zilitoka kwa fundi mmoja. Hii safari yako wewe ni kufumua gauni la dada mtu na kulishona upya kwa mwili mwingine.

Na gauni lina mwenyewe. Kabla hujagusa chochote, fungua faili la maelezo lililokuja na njia, usome nani aliijenga na amesema nini kuhusu kuihamisha. Mtu huyo alikaa miezi, pengine miaka, akipanga uzio na mabango usiku baada ya kazi, na hakulipwa. Mwandikie. Jitambulishe, mweleze unataka kuipeleka gemu gani, mwambie hutaiuza na jina lake litakaa kwenye sehemu ya mwandishi ndani ya ui_track.json, kimojawapo cha vile vifaili vya maandishi. Akikubali, shukuru uanze kazi. Akikataa, basi. Asipojibu, ushauri wangu ni huu: ihamishe ujifunzie, ikae kwenye kompyuta yako, usiisambaze. Ukikuta faili zimefungwa kwa makusudi, usitafute wa kukuvunjia kufuli. Na njia iliyochomolewa kutoka gemu ya biashara ya kampuni nyingine usiiguse, hata kama kila mtu anaipakua.

Ukishapata ruhusa, chagua njia ndogo. Najua moyo unakwenda Nordschleife, lakini ile ina kilomita 20 na ushee, na Kunos wenyewe wameshaitoa ikiwa imepimwa kwa leza. Unahangaika nayo ya nini? Tafuta saketi ya kilomita mbili au tatu. Lime Rock Park ya Connecticut, kwa mfano, ina takriban kilomita 2.4 tu, na umbo la ukubwa huo unaweza kulikagua lote kwa jicho.

Sasa kazi yenyewe. Watu wengi hufungua njia kwa 3DSimED, programu inayosoma faili za rFactor, kisha huitoa kama faili la FBX na kuiingiza Blender, programu ya kuhariri maumbo. Hapo ndipo ninapowaona mnapotea. Mnaanza na miti, majukwaa na rangi ya anga. Ficha vyote hivyo. Vibaki lami, nyasi, kingo na ukuta pekee.

Assetto Corsa hutambua kinachogusika kwa jina. Umbo la lami liite 1ROAD, la nyasi 1GRASS, la ukuta 1WALL: namba mbele, kisha jina la aina ya ardhi, na aina ulizojitungia mwenyewe zitajwe kwenye surfaces.ini. Ukisahau ile namba, lami utaiona kwa macho lakini tairi hazitaiona, na gari litatumbukia chini ya dunia kabla hujaweka gia.

Toa umbo kutoka Blender, ligeuze KN5 kwa ksEditor, programu ya Kunos, kisha washa gemu. Gari likishasimama juu ya lami, endesha taratibu na usikilize mikono. Njia za zamani zilijengwa kwa pembetatu kubwa ili kompyuta za enzi zile zisilemewe. Kona unayoiona imeviringika ni vipande vilivyonyooka vilivyoungwa. Kwenye gemu mpya kila kiungo kinafika kwenye usukani: tak, tak, tak, halafu kwenye kilele cha mlima gari linaruka mahali pasipo na tuta. Rudi Blender, washa mwonekano wa nyavu, utaona vipande virefu kuliko gari lenyewe. Vigawanye kwa urefu, kisha lainisha mwinuko wake. Angalia sana pale lami inapokutana na nyasi, maana ukisogeza upande mmoja tu unaacha ufa unaomeza tairi. Njia salama ni kuiacha lami inayoonekana ilivyo, kutengeneza nyingine laini isiyoonekana, na kuihamishia hiyo jina la 1ROAD. Macho yatabaki na ile ya zamani, tairi zitatembea juu ya mpya. Sehemu hii ipe muda wako mwingi, kwa sababu mwendeshaji atasamehe mti mbaya lakini barabara mbaya ataifuta siku hiyo hiyo.

Kisha panda alama: AC_START_0 na wenzake kwa nafasi za kuanzia, AC_PIT_0 na kuendelea kwa piti, AC_TIME_0_L na AC_TIME_0_R kwa mstari wa saa. Ndani ya gemu, mhimili wa Y wa kila alama utazame angani, na Z utazame gari linakokwenda. Blender huhesabu Z kuwa juu, ndiyo maana gari la mwanafunzi huanza likiwa limekaa vibaya. Idadi ya piti ilingane na ile uliyoandika kwenye ui_track.json. Na kama njia nzima imetokea ndogo kama sahani, ni kipimo cha FBX, mita zimesomwa kama sentimita.

Miti na vifaa vingine virudishe mwishoni, ndani ya Blender, kabla ya kupeleka yote ksEditor. Umbo lenye nukta zaidi ya elfu 65 hivi likate vipande. Mstari wa madereva wa kompyuta hauhami, kwa hiyo endesha mzunguko safi mwenyewe, gemu iurekodi kuwa fast_lane.ai.

Na wewe mdogo wangu unayeota barabara za Safari Rally, zile za Naivasha zilizobeba mashindano yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, hiyo ni kazi ya kujenga tangu mwanzo. Assetto Corsa inakubali njia isiyozunguka, yenye AC_AB_START na AC_AB_FINISH, kila moja na nguzo ya kushoto na ya kulia. Hamisha saketi moja ndogo kwanza hadi mwisho. Ukiweza kuilainisha lami ya mtu mwingine, kilomita moja ya vumbi lako haitakushinda, na picha za kwanza nitumie mimi.