Yule mbuzi aliliwa na nani?

*Mzee, mimi ni katibu wa timu ya mchangani hapa Tosamaganga. Msimu uliopita tulifika fainali ya kombe la kata, tukawa wa pili. Baada ya hapo wachezaji saba wameondoka, na golikipa wetu sasa anadakia timu ya Kalenga. Nikaitisha kikao ili tupate maoni kabla ya msimu mpya. Mwenyekiti akauliza, "Nani ana la kusema?" Kimya. Walipotoka tu nikawakuta kijiweni wanasema mpaka povu. Nataka kuweka sanduku la maoni. Niwaulize maswali gani? Nimesahau: mbuzi wa zawadi alichinjwa kwa mwenyekiti siku alipopata wageni, ila hilo lilishakwisha.*



Mwanangu, halijakwisha. Ungekuwa umelimaliza, usingeliandika. Vijana wamekimbia dakika 90 kwenye vumbi la Agosti, zawadi ikaliwa na wageni wasiojua hata namba za jezi zao, halafu aliyeketi kiti cha mbele ndiye anauliza nani ana la kusema. Kijana gani wa Kihehe atamjibu mzee aliyenunua jezi, tena mbele za watu? Ule ukimya ulikuwa adabu, nawe ukadhani hawana neno.

Sanduku achana nalo. Enzi zangu nikicheza namba sita tuliwahi kuandika vikaratasi. Tulikuwa 19. Kikasomwa kimoja kinachosema kocha ana upendeleo upande wa kushoto. Timu nzima ikageuka kumtazama beki wa kulia aliyekuwa akisugua benchi. Hakurudi mazoezini. Timu ndogo haina siri. Hata mwandiko wa mtu unajulikana.

Fanya hivi. Kabla ya kumuuliza yeyote, nenda kwa mwenyekiti jioni, peke yako, umwombe amtoe mbuzi mwingine au thamani yake. Mwambie kwa heshima kwamba timu ndiyo inayodai, nawe hukuja kumshitaki. Akikubali, daftari la michango lisomwe mbele ya wachezaji: nani alitoa, mipira ilinunuliwa kwa bei gani, nauli ya fainali ilitoka wapi. Akikataa, angalau utajua unafanya kazi na nani.

Baada ya hapo wachezaji waulizwe mmoja mmoja, ila usiulize wewe. Mwagize yule anayefua jezi. Yeye hapangi kikosi, na hakuna anayemwogopa. Asiwaulize "mnaonaje timu". Swali hilo huzaa jibu la "iko poa". Aulize vitu vinavyoshikika: mazoezi ya saa kumi yanakukuta wapi? Nani kati yenu hulala njaa siku ya mechi? Mara ya mwisho ulipokaa benchi, kuna aliyekuambia kwa nini? Huko kwenu mmoja yuko zamu ya hospitali, mwingine yuko juu ya bodaboda, mwingine ni mwanafunzi anayefunga shule Juni, wengine wanavuna mahindi. Sitashangaa nusu ya malalamiko ikiwa ni saa tu.

Majibu yakishapatikana, yarudishe kwao ndani ya wiki: hili tumelibadilisha, hili hatuliwezi kwa sababu hii. Hapo ndipo viongozi wengi hukwama. Mtu akitoa maoni yasijibiwe, mwakani hatoi, anaondoka.

Wala fainali isikudanganye. Wanyalukolo wote wa Iringa wanakumbuka timu yao ya Lipuli ilivyofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, ikafungwa 1-0 na Azam kule Lindi. Msimu uliofuata ikashuka daraja. Ya ndani yake siyajui, lakini kule Lindi nani aliliwaza hilo?

Jina la kwenu Tosamaganga, wenyeji husema, maana yake ni kutupa mawe. Basi waache wayatupe mbele yako, uyaone yanatoka wapi.

Umeniuliza maswali ya waliobaki. Wanaojua zaidi ni wale saba, na wao hawana tena namba ya kupoteza. Jumapili baada ya misa teremka Kalenga, mtafute golikipa. Usimwombe arudi. Muulize tu ni siku gani aliamua kuondoka, kisha unyamaze mpaka amalize.