Mwanga na Kivuli: Kuchora kwa Makala

Katika Butembo na Beni makala huonekana kila mahali: katika magunia sokoni, katika mbabula jikoni, katika pasi ya fundi wa nguo. Leo tutayatumia kwa kazi nyingine. Tutachora.

Makala ya jikoni mara nyingi ni magumu, hukwaruza karatasi. Afadhali tujitengenezee. Twaeni vijiti vikavu vyenye unene wa kalamu, mviambue gome, mvipange katika mkebe wa maziwa. Fungeni kifuniko barabara, nanyi mkitoboe tundu moja dogo kwa msumari. Mtu mzima auweke mkebe motoni. Moshi utatoka tunduni; ukikoma, auondoe. Msiufungue mpaka upoe kabisa! Hewa ikiingia vijiti vingali moto, vitawaka, nanyi mtabaki na majivu matupu.

Sasa fanyeni ngazi ya mwanga. Chora vyumba vitano vidogo katika mstari mmoja. Chumba cha 1 usikiguse: ni weupe wa karatasi. Cha 5 ukijaze weusi wote wa makala. Kisha cha 3, rangi ya majivu, katikati ya hivyo viwili. Mwisho jaza cha 2 na cha 4. Ukikosea, futa kwa nyama ya mkate (kidogo tu, mkate ni wa kuliwa). Ngazi ni njema kama jicho hushuka daraja kwa daraja bila kuruka.

Juu ya meza tandazeni kitambaa cheupe. Wekeni yai, kitunguu na chupa nyeusi ya divai, tupu. Mwanga na utoke dirisha moja tu, ubavuni. Mianga miwili hugombana, na vivuli huchanganyika. Usichore nje saa sita mchana. Ikweta hupita karibu na Butembo, upande wa kusini, na saa hiyo jua limepanda juu sana, hata vivuli hujificha chini ya vitu.

Hapa ndipo watoto wengi wanaposhindwa. Mtoto husema moyoni, «Yai ni jeupe, chupa ni nyeusi.» Basi huliacha yai bila alama na kuipaka chupa weusi mtupu. Yai lake hufanana na tundu katika karatasi, na chupa yake na mlango wa pango. Amechora maneno aliyoyajua, hakuchora alichokiona.

Tujaribu. Toboa matundu mawili madogo katika karatasi. Funga jicho moja, utazame kwa tundu la kwanza ubavu wa yai ulio kivulini, na kwa tundu la pili ile alama inayong'aa shingoni mwa chupa. Ipi ni nyeupe kuliko nyingine? Ni ile ya chupa! Chupa «nyeusi» ina chumba cha 1, na yai «jeupe» lina chumba cha 3. Tena, chini kabisa ya kivuli cha yai kuna mwanga hafifu, kwa maana kitambaa huurudisha mwanga juu. Weusi mkubwa uko katika uzi mwembamba pale yai linapogusa kitambaa.

Basi fumba macho nusu, ili mambo madogo yapotee, ubaki na mwanga na giza. Weka ngazi yako karibu na jicho, uulize kila mahali: ni chumba cha ngapi? Anza na vivuli vikubwa. Weusi wa 5 uuweke mwisho, nao uwe mchache.

Caravaggio alifanya kazi ya namna hiyo kwa rangi. Picha yake ya wito wa Mtakatifu Mateo, ya miaka 1599 na 1600, ingali Roma katika kanisa la San Luigi dei Francesi. Chumba kina giza. Mwanga waingia toka upande mmoja na kuwapiga watoza ushuru usoni.

Maulizo
1. Kwa nini mkebe haufunguliwi ungali moto?
2. Asubuhi isiyo na ukungu mtu aliye Beni huweza kuuona mlima Ruwenzori, ambao kilele chake Margherita kina meta 5,109. Je, mlima ule wa mbali na kilima kilicho karibu, kipi huonekana kimepauka zaidi? Tazama, kisha uandike namba ya chumba cha kila kimoja.
3. Zungusha meza ili mwanga utoke upande wa pili. Chora yai lile lile tena.