Moyo Unaposhindwa Kazi: Utafiti Unasema Nini?



Ndugu zangu wanafunzi, nusu ya somo la toleo hili nimelitoa wodini, na nusu nyumbani kwetu. Mimi nasomea udaktari, mwaka wa nne. Ramadhani iliyopita nilikwenda Arua kumsalimu mjomba, mwalimu wa madrasa ambaye moyo wake ulidhoofishwa na presha ya miaka mingi. Nilimkuta ameegemea mito mitatu, miguu imevimba hadi magotini, na mfuko wake wa dawa haujaguswa tangu mwezi uandame. Nikamwamkia, nikanyamaza. Mimi ni nani hata nimfundishe mtu aliyenifundisha alifu? Usiku wa nne akakosa pumzi kabisa, tukamkimbiza hospitali kwa gari la jirani. Alhamdulillah, yu hai. Lakini ule unyamavu wangu haujaniondoka.

Moyo kushindwa kazi si moyo kusimama. Ni pampu iliyochoka, haisukumi damu inavyotakiwa. Hapo mwili wenyewe hufanya kosa la ajabu: figo zikipata damu kidogo hudhani mwenye mwili ametokwa na damu au amekaukiwa na maji. Basi huamsha homoni zinazoamuru chumvi na maji yabaki, na mishipa ibanwe. Pampu iliyochoka inaongezewa mzigo. Maji hujaa miguuni na mapafuni, na katika hatua ya juu mtu huhema hata akiwa ameketi tu.

Tangu William Withering wa Uingereza alipoandika juu ya mmea wa dijitalisi mwaka 1785, fikra kubwa ilikuwa kuusukuma moyo ufanye kazi zaidi. Mwaka 1987 madaktari wa Norwe, Swideni na Ufini walitangaza utafiti ulioitwa CONSENSUS. Wagonjwa walikuwa 253, wote wa hatua ya juu. Kundi moja liliongezewa enalapril juu ya dawa zao za kawaida, jingine kidonge kitupu. Baada ya miezi 6, asilimia 44 ya wale wa kidonge kitupu walikuwa wamekufa. Wa enalapril, asilimia 26. Na enalapril haiupi moyo nguvu hata kidogo. Inazima ile amri ya homoni, basi. Mwaka 1999 spironolactone, ambayo pia ni dawa ya zamani, ilipunguza vifo kwa asilimia 30 katika utafiti wa watu 1,663.

Mashine je? Mwaka 2001 Wamarekani walitoa utafiti wa REMATCH: wagonjwa 129 waliokuwa hawafai kupandikizwa moyo mwingine. Baadhi walifungiwa pampu ndani ya mwili, wengine wakabaki na dawa pekee. Baada ya mwaka mmoja walibaki hai asilimia 52 wa pampu na 25 wa dawa. Tusijidanganye, mashine inasaidia, na pampu za leo ni bora kuliko ile. Lakini mwaka wa pili hata wenye pampu walibaki asilimia 23, wengi wakiwa wamepatwa na maambukizi au mashine kuharibika. Tena pampu hiyo ina waya unaotoka tumboni, na inataka umeme kila siku. Anayeishi Arua anaujua umeme wetu.

Na wagonjwa wetu si wale wa Ulaya. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa 2012, ulifuata watu 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Uganda ikiwemo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Karibu nusu chanzo chao kilikuwa presha. Mishipa ya moyo iliyoziba haikufika hata asilimia 8. Katika siku 180, karibu asilimia 18 walifariki. Hawa ni baba na mama wenye watoto shuleni, na presha hutibiwa kwa vidonge.

Kwa nini basi mjomba aliviacha? Nilimuuliza wodini. "Mwanangu, ile dawa ya maji inanitoa kwenye swafu mara tatu katika tarawehe moja." Alikuwa akiinywa baada ya kufuturu. Alipoiacha hiyo aliziacha zote, maana zilikuwa katika mfuko mmoja! Daktari alimweleza kwamba kwa hali yake asifunge, na kwamba furosemide hufanya kazi kama saa sita tu: akiimeza asubuhi, ikifika Isha imekwisha. Mjomba alitikisa kichwa kwa adabu. Sikuamini kama amekubali. Imamu wa msikiti wake alipokuja kumjulia hali akamwambia yale yale, akaongeza kwamba maradhi yasiyotarajiwa kupona yana fidya, alishe maskini kwa kila siku. Hapo ndipo aliponyoosha mkono akaomba maji ya kumezea.

Sasa ana mizani chumbani. Hujipima kila asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai, kwa sababu uzito ukipanda kilo mbili kwa siku chache, hayo ni maji, si mafuta. Huandika pembeni mwa kalenda ya nyakati za sala. Juzi alinipigia simu. "Sitini na moja, mwanangu. Jana pia sitini na moja. Ukisikia sitini na tatu, usije na salamu tu."