Njia ya Motokaa Nyumbani: Nguvu Yake Imo Chini ya Tofali

Mtu ajengaye nyumba siku hizi, awe Kikuyu, Kitengela, Kisumu au Mtwapa, akiisha kuezeka na kutia lango, hutamani pia njia nzuri ya motokaa itokayo langoni hadi mlangoni, apate kuepukana na tope la masika na vumbi la kiangazi. Basi huenda kwa muuzaji, akachagua matofali ya saruji yenye rangi impendezayo, yale ambayo mafundi huyaita kabro, akalipa fedha nyingi, na kazi ikamalizika kwa siku chache. Lakini njia nyingi za namna hiyo hazidumu. Mvua mbili tatu zikipita, mahali pa magurudumu hudidimia, maji hutuama, na matofali ya kando huanza kuachana. Mwenye nyumba humlaumu aliyetengeneza matofali. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki, na somo hili litaeleza kwa nini.

TOFALI HALISAGWI NA GURUDUMU

Na tuanze na hesabu. Kipimo cha Uingereza cha mwaka 1986, ambacho tarakimu yake hutajwa hata leo na watengenezaji wa Kenya, kilitaka tofali la kutandaza lihimili wastani wa nyutoni 49 katika kila milimita mraba. Kwa maneno rahisi, ni kama kuweka uzito wa kilo 500 hivi juu ya mahali penye ukubwa wa ukucha wa kidole. Gurudumu la motokaa ndogo hukandamiza mahali kama hapo kwa uzito wa kilo 2 hivi tu, na gurudumu la lori kwa kilo 7 au 8. Hata tofali lenye nusu ya nguvu ile haliwezi kusagwa na magurudumu hayo. Basi, kama tofali halisagwi, ni kitu gani kinachoshindwa? Ni ardhi iliyo chini yake.

Jambo hili lilijulikana zamani. Mskoti John Loudon McAdam, aliyeishi kutoka mwaka 1756 hadi 1836, alisifika Uingereza kwa kutengeneza barabara. Alifundisha kwamba uzito wote wa gari hatimaye huchukuliwa na udongo wa asili. Udongo ukiwa mkavu hustahimili, ukilowa huzama. Kazi ya mawe yaliyo juu ni kuugawanya uzito na kuyazuia maji yasishuke.

NI GARI GANI LITAKALOINGIA?

Swali la kwanza, basi, si rangi wala bei. Ni uzito. Kati ya miaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani waliyaendesha malori mara nyingi mno juu ya barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois. Waliona kwamba madhara hayaongezeki sawasawa na uzito. Uzito ulio juu ya ekseli, yaani chuma kiungacho magurudumu ya kulia na ya kushoto, ukizidi mara 2, madhara huzidi mara 16 hivi. Ukizidi mara 10, madhara hukaribia mara 10,000.

Maana yake kwa mwenye nyumba ni kubwa. Motokaa yake ya kila siku haidhuru sana. Lakini lori la maji lenye lita 10,000 hubeba tani 10 za maji peke yake, mbali na uzito wa lori lenyewe. Likiingia siku moja tu, laweza kuleta madhara kuliko motokaa ile kwa miaka mingi. Kadhalika lori la mchanga, na gari linyonyalo maji machafu ya choo. Kwa hiyo mwenye nyumba aamue mapema: ama ajenge njia ya kuyachukua malori, ama ayazuie langoni, na tangi la maji aliweke mahali ambapo mpira wa lori utafika kutoka nje.

UJUE UDONGO WAKO

Udongo mwekundu wa Kikuyu na Limuru ni rafiki wa mjenzi. Ukishindiliwa vema husimama imara. Mchanga wa pwani nao hupitisha maji upesi, bali wataka ukingo wa kuuzuia usitawanyike. Adui ni udongo mweusi wa mfinyanzi, uitwao na mafundi blak koton, uliojaa katika nyanda za Athi, Kitengela na Mwea. Chembe zake zimepangana kama kurasa nyembamba za kitabu. Wakati wa mvua maji hupenya kati ya kurasa hizo, udongo ukavimba na kuinua kila kilicho juu yake. Wakati wa kiangazi hunywea na kupasuka nyufa za kuingiza mkono.

Hakuna tofali, liwe nene namna gani, liwezalo kushindana na udongo huo. Ukiwa tabaka jembamba, uondolewe wote mpaka chini palipo pagumu. Ukiwa mwingi, uondolewe kwa kina cha kutosha, mahali pake pajazwe changarawe nyekundu ya muramu, na maji yazuiwe yasifike chini. Pengine mafundi huchanganya chokaa na udongo huo ili kupunguza kuvimba kwake. Ni njia njema, lakini yataka fundi mwenye ujuzi na vipimo.

MATABAKA YA NJIA

Mahali penye udongo mzuri, ambapo motokaa ndogo tu hupita, vipimo hivi vyafaa:

1. Mawe yaliyovunjwa au muramu, sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Kwa malori, sentimita 25 hadi 30.
2. Mchanga au vumbi la mawe, sentimita 3 au 4, kwa unene ulio sawa kila mahali. Mchanga usitumiwe kujaza mashimo, maana palipo na mchanga mwingi ndipo patakapodidimia.
3. Tofali lenye unene wa milimita 60. Kwa malori, milimita 80. Tofali la milimita 50 ni la miguu ya watu, si la magurudumu.

Changarawe isishindiliwe yote mara moja. Imwagwe kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15, inyunyiziwe maji kidogo, kisha mashine ya kushindilia ipite tena na tena. Kipimo cha maji ni mkono: changarawe ikifumbatwa ishikamane, lakini isiloweshe kiganja.

KULICHAGUA TOFALI

Ingawa tofali si jambo la kwanza, halifai kupuuzwa, kwa maana tofali hafifu hulika juu likatoa vumbi. Mwombe mtengenezaji cheti cha majaribio. Kisha jipimie mwenyewe. Tofali la sentimita 20 kwa 10, lenye unene wa milimita 60, likiwa limejaa vema lina uzito wa kilo 2 na robo tatu hivi. Likiwa chini ya kilo 2 na nusu, ndani yake mna matundu mengi. Gonga mawili pamoja: yaliyo mazuri hulia kwa sauti kali, mabaya hutoa sauti nzito kama ya gogo bovu. Vunja moja utazame ndani kama kokoto zimeshikamana na saruji. Uliza pia yalimwagiwa maji kwa siku ngapi baada ya kutengenezwa. Saruji huhitaji unyevu kwa siku 7 angalau, na nguvu yake huhesabiwa ikitimiza siku 28.

Mawe mapana membamba, kama yale ya Mazeras, yapendeza ukutani na kwenye baraza. Chini ya motokaa huvunjika upesi, kwa kuwa jiwe pana lililolala juu ya shimo dogo hupinda kama ubao juu ya mtaro. Likitumiwa, liwe nene, au lilazwe juu ya zege. Unene ukizidi mara 2, nguvu ya kutovunjika kwa kupinda huzidi mara 4.

UKINGO NA MAJI

Matofali yapangwe kwa kukingamana, kama ukili unavyosukwa, yasipangwe kwa mistari iliyonyooka kuelekea langoni. Mistari hiyo husukumwa na magurudumu kila breki ikipigwa. Pande zote mbili pawe na ukingo wa saruji uliozikwa katika zege. Njia isiyo na ukingo hutawanyika kama gunia lisiloshonwa. Tena njia iinamie upande mmoja, sentimita 2 na nusu kwa kila mita ya upana, maji yakimbilie mferejini wala si kwenye ukuta wa nyumba. Mahali inapokutana na barabara ya watu wote, mfereji wa barabara usizibwe. Pawekwe kalvati, la sivyo maji ya jirani yatakuwa mashtaka yako.

KWA MWENYE FEDHA CHACHE

Hapana haja ya kutandaza kila mahali. Njia ya urefu wa mita 20 na upana wa mita 3 ni mita mraba 60. Lakini magurudumu hupita mahali pawili tu. Ukijenga mapito mawili ya zege, kila moja upana wa sentimita 60, utatumia mita mraba 24, na katikati utapanda nyasi. Zege iwe na unene wa sentimita 12 hadi 15, ikatwe kwa kila mita 3 ili isipasuke ovyo. Njia kama hiyo, ikiwa na msingi mzuri, itadumu kuliko kabro za rangi tatu zilizolazwa juu ya udongo mweusi.

Kabla hujampa fundi arubuni, muulize: utachimba kina gani, utajaza nini, utashindilia kwa mashine gani, na maji yatakwenda wapi? Asiyeweza kujibu, usimpe kazi. Kisha uwepo siku msingi unaposhindiliwa, kwa kuwa matofali yakishapangwa hakuna awezaye kuuona tena. Wazee walisema nyumba njema si mlango. Kadhalika njia njema si rangi ya tofali.