Kupunguza Kilo Bila Kujitesa

Jumamosi au Jumapili alfajiri, ukipita Temeke, Mbagala au Kinondoni, utawasikia kabla hujawaona. Mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia, na sare zao ni za rangi moja. Hizi ndizo klabu za jogingi za Dar es Salaam. Humo wamo vijana wa bodaboda, wauza duka na kina mama wenye wajukuu. Anayechoka hutembea, akipata pumzi anaungana na wenzake. Nyingi ya klabu hizi pia huchangiana kwenye misiba na harusi, kwa hiyo asipoonekana mtu wiki mbili, simu yake italia tu.

Kwa anayetaka kupungua, hiyo simu ina thamani kubwa. Wengi huanza mazoezi kwa hasira, wakachagua zoezi gumu wasilolipenda, na mwezi haujaisha wameshaliacha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa hadi saa moja kwa siku tano. Halilazimishi jimu wala mashine. Kucheza singeli au rumba sebuleni mpaka jasho likutoke ni mazoezi. Rede ni mazoezi, na vilevile kamba, baiskeli, chandimu ya jioni, au kuogelea kwa mliojaliwa bahari. Visiwani Zanzibar, vikundi vya mazoezi vimekuwa na nguvu kiasi kwamba kila Januari 1 hukusanyika kwa matembezi makubwa. Kipimo cha kasi ni pumzi yako: uwe unahema, lakini bado uweze kuzungumza na mwenzako. Siku mbili kwa wiki ongeza mazoezi ya nguvu, kama kuchuchumaa na kuinuka au pushapu za kuegemea ukuta, kwa sababu mtu anayepungua hupoteza na misuli pia, na misuli inahitaji kulindwa.

Hata hivyo, mazoezi peke yake hupunguza kilo chache kuliko watu wanavyotarajia. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi nusu saa hutumia takribani kalori 150. Soda moja ya mililita 350 huzirudisha karibu zote. Ndiyo maana inasikitisha kuona kundi limekimbia saa nzima, kisha likaishia kwenye supu yenye mafuta juu, chapati mbili na soda. Supu hiyo ndiyo raha ya siku, na sisemi iachwe. Engua mafuta, kula chapati moja, kunywa maji.

Nyumbani, pa kuanzia ni mafuta ya kupikia. Kijiko kikubwa kimoja kina takribani kalori 120, na wengi wetu humimina moja kwa moja kutoka kwenye kidumu, kwa kukadiria kwa macho. Pima kwa kijiko. Mchicha wa familia ya watu wanne unaiva vizuri kwa vijiko viwili, na ukitia tui la nazi hauhitaji mafuta kabisa. Baada ya mafuta, tazama chai. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja na vijiko vidogo vitatu vya sukari, ni karibu gramu 36, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku. Usikate yote kwa mkupuo. Punguza nusu kijiko kila wiki, weka tangawizi, iliki au mdalasini, na ulimi utazoea.

Kisha sahani yenyewe. Wali au ugali ndio uliozoea kuijaza, na mboga zinawekwa pembeni kama mapambo. Geuza: nusu ya sahani iwe mboga, iwe matembele, kisamvu, bamia au kabichi, robo iwe maharage, choroko, samaki au dagaa, robo inayobaki ndiyo ya wali au ugali, na ugali ukiwa wa dona utakushibisha kwa muda mrefu zaidi kuliko wa sembe. Kwa mama ntilie sema tu, "Mama, wali nusu, maharage na mchicha niongezee." Chipsi mayai ziwe za siku moja moja. Kwenye futari, usiweke sambusa, kachori, kaimati na juisi ya sukari vyote kwa pamoja.

Kuna kikwazo kingine kisichotajwa sana. Kwetu unene bado husifiwa: "umependeza, maisha mazuri." Ukianza kupungua, ndugu wanauliza kwa sauti ya chini kama unaumwa. Wapo wanaoyaacha mazoezi kwa sababu hiyo tu. Waambie mapema nyumbani kwamba umeamua, na waeleze kwa nini. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wenye washiriki zaidi ya 3,200 waliokuwa karibu kupata kisukari, ulionyesha kwamba waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo. Huna haja ya kurudi kwenye kiuno cha ujanani.

Chai za kukata tumbo, vidonge visivyo na maelezo na mikanda ya kutoa jasho viache. Kinachopungua kwa jasho ni maji, nayo yatarudi ukinywa.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwenye mizani ileile. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha, na zipo wiki ambazo mshale hautasogea. Pima kiuno kwa futi ya fundi, huenda kimepungua. Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au ujauzito amwone daktari kabla ya kuanza, hasa anayetumia insulini, kwani dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa. Na kama kilo zinashuka bila wewe kubadili chochote, usifurahi: nenda hospitali ukapimwe.