SOMO LA USINGIZI: UKIJUA KWAMBA UNAOTA

Mama, umepata kuota volkano? Akina mama wengi wa Goma wanaiota mpaka leo. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, moto ukapita katikati ya mji. Ikalipuka tena Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, na watu wakakimbilia Gisenyi na Sake, watoto mgongoni. Sasa mama akilala, moto unamrudia. Anasema: "Muganga, nakimbia, nakimbia, lakini miguu inakataa!"

Miguu inakataa kwa sababu. Wakati wa kuota ubongo unafanya kazi sana, bali mikono na miguu inalegea, ili tusiinuke na kukimbia kweli kweli. Macho ndiyo yanayotembea chini ya kope. Mtazame mtoto wako akilala, utayaona. Si uchawi.

Tena kuna wengine kati yenu ambao katikati ya ndoto moyo unawaambia: "Ee, kumbe naota!" Hili ni jambo la kweli. Mwaka 1975, huko Hull, Uingereza, mtu alilala huku nyaya za mashini zimebandikwa karibu na macho yake. Alipojua kwamba anaota aliyatembeza macho kushoto na kulia, kama walivyopatana, na mashini ikaandika.

Lakini mara nyingi mama akijua hivyo anashtuka, moyo unapiga mbio, naye anaamka. Kesho usiku moto unarudi vilevile. Heri atulie. Usipige kelele, usijilazimishe kuamka. Pumua pole pole. Itazame mikono yako humo ndotoni, uisugue kama asubuhi ya baridi. Hivyo ndoto inaendelea kidogo, nawe unaweza kugeuka na kuutazama ule moto, uone kwamba hauunguzi. (Lakini kama majirani wanapiga kelele na mbingu ni nyekundu, hiyo si ndoto. Chukua watoto, kimbia!)

Si kila mtu anaweza. Kuna njia nyepesi, nami naipenda kuliko hiyo. Mchana, mtoto akinyonya, ikumbuke ile ndoto, kisha uubadilishe mwisho wake upendavyo: moto umesimama kule barabarani, watoto wote wapo, umewahesabu. Fanya hivi kila siku, dakika 10 au 20. Kwa wengi ndoto inapungua ukali.

Mama mwenye mimba au anayenyonyesha anaamka mara nyingi usiku, ndiyo maana anakumbuka ndoto nyingi. Haina maana kwamba mtoto ataharibika. Vidonge vya usingizi vya sokoni, hapana.

Kama ndoto zinakuja kila usiku kupita mwezi mmoja, kama unaogopa kulala, au unauona moto mchana ukiwa macho, usingoje siku ya kupima mtoto. Njoo kwa muuguzi, umwombe mzungumze faraghani. Na ukipata mawazo ya kujiumiza au kumwumiza mtoto, njoo siku ileile, hata usiku.